Mita Moja ya Kila Jumamosi

Mume wangu ameendesha magari ambayo wewe na mimi tunayaona kwenye kalenda. Ferrari nyekundu ameendesha. Lile la rangi ya chungwa, ambalo mlango wake unafunguka kwenda juu kama linataka kuruka, ameendesha. Ameendesha magari ishirini na matatu ya kifahari, kila wiki, kwa miaka kumi na minne, na hajawahi kutoka getini na hata moja. Mtaani wanamwita Mita Moja. Jina hilo, Mungu anisamehe, nililianzisha mimi.

Ngojeni nieleze taratibu, maana mimi nikianza kwa moto naruka hatua. Magari hayo ni ya Staa. Staa ni mwanamuziki, na ukitaja jina lake halisi popote utakapokuwa, mtu ataanza kutikisa bega. Pesa ilipomkubali akanunua nyumba, na nyuma ya nyumba akajenga banda la magari. Wanaliita banda, lakini lina vigae vyeupe na kiyoyozi, na mimi ninayeandika haya nyumbani kwangu nina feni moja inayozunguka ikitaka. Staa ananunua gari kama wengine wanavyonunua soksi, kisha anapanda ndege anakwenda kuimba. Miezi mitatu, minne, haonekani.

Sasa gari likikaa tu, linaumwa. Betri inakufa, oili inatuama chini, na tairi linabonyea upande ule linaoukalia. Ndiyo kazi ya mume wangu hiyo. Kila Jumamosi saa moja asubuhi anavua viatu mlangoni, anaingia, anawasha gari la kwanza. Analiacha lingurume dakika kumi na tano, analisogeza mita moja, anazima, anakwenda la pili. Mita moja, kwa sababu hiyo ni nusu ya mzunguko wa tairi, upande uliokuwa chini unapata kupumzika juu. Jumamosi hii analisogeza mbele mpaka kwenye mstari mwekundu aliouchora sakafuni. Jumamosi ijayo analirudisha nyuma mpaka kwenye mstari wa njano. Miaka kumi na minne. Piga hesabu mwenyewe, kila gari halijafikisha hata kilomita moja.

Na leseni anayo. Kabla ya hapo alikuwa anaendesha gari la kugawa mikate, na tangu aliache hajakosa kuikata leseni upya muda wake ukifika. Nilikuwa namuuliza, "Baba Pacha, leseni ya nini, ya kuvukia sebule?" Ananiangalia, anatabasamu, anaiweka mfukoni. Mume wangu ni mtu wa "ndiyo bosi" na "sawa bosi". Mimi mdomo wote wa nyumba nimepewa peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, na magauni ya magari yale yote nimeyashona mimi. Nayaita magauni kwa sababu ndivyo yalivyo. Kila gari lina vazi lake la pamba, laini kwa ndani, lastiki chini, na neno MBELE nimelidarizi kwenye ubavu wa pua ili lisivalishwe kinyume. Mwanzoni mlinzi hakuniruhusu kuingia. Basi mume wangu akawa anapima kwa kamba, anafunga fundo kwenye kila kona, ananiletea nyumbani rundo la kamba. Nilikuwa najua nani mpana wa nyonga na nani mfupi wa pua kabla sijawaona kwa macho. Waliponifungulia mlango nikawatambua mmoja mmoja, kama wateja wangu wa harusi.

Kipenzi cha mume wangu kati ya hao wote ni Bibi.

Bibi ni gari la rangi ya maziwa, refu, limeundwa kabla mimi sijazaliwa. Kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma ni mita tano na sentimita sabini na mbili, na sihitaji kutazama popote kulisema hilo. Gia yake iko kwenye shina la usukani. Viti ni vya ngozi nyekundu. Staa alimnunua kwa ajili ya video ya wimbo mmoja, na hata kwenye video hiyo Bibi alivutwa kwa kamba, aliyejifanya dereva akawa anapunga mkono tu. Hakuna mtu aliyejua kumwasha isipokuwa mume wangu: unavuta choki nusu, kile kishikio cha kuamsha injini iliyo baridi, unakanyaga mafuta mara mbili, unamwacha apumue, ndipo unazungusha ufunguo. Na kuna jambo moja la kumjua Bibi. Ukimzima akiwa bado na moto, hawaki tena mpaka apoe, na kupoa kwake ni dakika ishirini, uombe usiombe.

Kwenye dashibodi yake kuna namba za kilomita, zile za zamani za magurudumu madogo ya chuma. Ukienda mbele zinasogea, ukirudi nyuma zinarudi. Kwa hiyo mita moja mbele, mita moja nyuma, namba imebaki pale pale ilipokuwa siku mume wangu alipoajiriwa. Elfu sitini, mia nne na tisa. Anaijua kama anavyojua tarehe ya kuzaliwa kwa pacha wetu.

Wiki tatu kabla ya mambo haya ninayoyasimulia, alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. Nikajua kuna jambo. Akasema Staa amerudi safari, na kuna tajiri mmoja, Mzee wa Hoteli, anamtaka Bibi. Atamng'oa injini, amsimamishe ukumbini kwenye hoteli yake, wageni wapigie picha. Mume wangu alimwomba Staa asimuuze, na Staa akamjibu kwamba gari lisilotembea ni fenicha. Kisha akacheka, akatoa sharti. Yangekuja maonyesho ya magari ya watu maarufu pale uwanjani. Kila tajiri angezungusha gari moja mbele ya watu, raundi nzima. Bibi akimaliza raundi bila kuzima, anabaki. Akizima, Jumatatu anakwenda hotelini.

Mke mwenye akili angempa mumewe pole. Mimi nilikuwa na nguo sita za watu hazijakatwa, kichwa kinauma, na mdomo ukanitoka. "Miaka kumi na minne," nikamwambia, "mita moja mbele, mita moja nyuma. Unamlilia gari. Na sisi je, tumefika wapi?"

Alivua kofia, akaitundika, akalala bila kula. Neno likishatoka limetoka, na lile lilinirudia kila nilipokanyaga cherehani. Kwa hasira na aibu pamoja, nikanunua kitambaa chekundu chenye mng'ao, nikamshonea Bibi gauni jipya la kuvaa njiani asipate vumbi. Wiki tatu nilishona. Sikumwambia kuwa ni la kuomba radhi, alidhani ni oda.

Siku ya maonyesho nilikwenda naye mapema na gauni langu begani. Mlinzi akatufungulia. Uani pale likasimama lori lililokodiwa kumbeba Bibi hadi uwanjani, na kando ya lori akasimama meneja wa Staa na simu mbili, moja kila sikio. Staa mwenyewe alikuwa ameshatangulia uwanjani. Mpango ulikuwa Bibi abebwe, ashushwe, Staa aketi kwenye usukani azungushe raundi, watu wapige makofi.

Nikalitazama lori. Jicho la fundi halina likizo. Nikatoa futi yangu shingoni, nikapima sakafu ya lori. Mita tano na sentimita sitini.

"Meneja," nikasema, "hapa Bibi haingii."

Akaondoa simu moja sikioni. "Mama, nimesoma kwenye karatasi za gari. Mita tano na nusu."

"Hizo karatasi hazijahesabu bampa. Mimi nimemshonea. Zinakosekana sentimita kumi na mbili, na mlango wa nyuma wa lori hautafungwa."

"Mama," akasema kwa upole ule wa kumwambia mtu kaa kando, "hili ni gari, siyo sketi."

Dereva wa lori, mtu mzima mwenye busara zake, akashuka na futi yake ya chuma, akaingia bandani kumpima Bibi, akatoka, akapima sakafu ya lori lake, akatikisa kichwa. Akasema mlango wazi habebi, barabarani si jikoni kwa mama yake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Meneja akaanza kupiga simu za kutafuta lori jingine, na kila aliyempigia alikuwa ama amelala, ama yuko mbali, ama anacheka. Ilikuwa saa tatu na nusu. Bibi alitakiwa uwanjani saa nne na nusu, na uwanja uko kilomita saba.

Basi tukiwa tumesimama hivyo, mimi na mlinzi na dereva wa lori, meneja akizunguka ua mzima kama kuku anayetafuta pa kutaga, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nitampeleka mwenyewe."

Nikageuka. Ni mume wangu. Alikuwa ameshika ufunguo, na mkono wake mwingine umeshika leseni, ameinyoosha mbele kana kwamba kuna askari. Meneja akamuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Namba anazo, bima anayo, leseni ninayo. Labda useme wewe ndiye utakayemwasha." Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkubwa wake.

Akavua viatu kwa mazoea, kisha akakumbuka, akavivaa tena. Choki nusu, mafuta mara mbili, akampa Bibi nafasi ya kupumua. Ufunguo. Bibi akaguna, akakohoa, akawaka, sauti nzito ya chini inayoingia miguuni. Mimi nikapanda mbele, gauni mapajani, nikisema ni kwa ajili ya kulinda gauni langu. Uongo mtupu. Nilikuwa natetemeka kwa furaha kama msichana anayepelekwa dansi. Dakika kumi na tano tukakaa anapata joto. Mlinzi ameshika geti wazi. Mume wangu akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, Bibi akajivuta mbele polepole, mstari mwekundu ukasogea, tairi likaugusa.

Akakanyaga breki. Akazima.

Nikamgeukia. Alikuwa ameshika ufunguo, anautazama kama ameokota njiani.

"Umezima?" nikamuuliza.

"Mguu, Mama Pacha," akasema. "Mguu umesimama wenyewe. Na mkono nao."

Mara mia tatu na sitini na zaidi amefika kwenye mstari ule, na mara zote amezima. Mwili ulishasoma somo lake. Meneja akachuchumaa pale uani akashika kichwa kwa mikono miwili, simu zote mbili chini. Na Bibi ana moto, hawaki mpaka dakika ishirini. Saa nne kasoro dakika kumi.

Nilitegemea ningefoka. Mimi mwenyewe nilijisubiri nifoke. Badala yake nikaanza kulia, kisha nikaanza kucheka, vyote kwa pamoja, na mume wangu akabaki ananitazama asijue ashike lipi.

"Nisamehe," nikamwambia. "Lile neno la siku ile. Tumefika wapi, nilikuuliza. Wakati pacha wamesoma, wamekula, wameondoka na kazi zao mikononi, yote kwa hiyo mita moja yako. Nilikuwa mpumbavu."

"Hukukosea sana," akasema. "Hata mimi huwa najiuliza."

"Basi leo tutajua."

Nikashuka. Nikalikunjua lile gauni jekundu, kazi ya wiki tatu, lenye mng'ao wa kunitoa machozi, nikalitandika sakafuni kuanzia kwenye matairi ya mbele mpaka mlangoni. Mistari, vigae, kila alichozoea kukiona, nikakifunika.

Akatoa kichwa dirishani. "Mama Pacha, nitalikanyaga."

"Kanyaga."

"Litachafuka. Matairi yana oili, haitoki."

"Baba Pacha, nimesema kanyaga. Ukifika mwisho wa kitambaa usisimame, kwa sababu nyuma yako nitakuwa naliokota, na ukisimama nitakukanyaga wewe."

Mlinzi akacheka hadi akashika geti kwa mikono miwili. Dakika ishirini zilipotimia, choki ikabaki mahali pake maana alikuwa bado na uvuguvugu, ufunguo ukazunguka, na Bibi akawaka. Gia ya kwanza. Tairi likapanda juu ya kitambaa changu, nikaona alama nyeusi inajichora kwenye kile chekundu, na wallahi sikuumia hata kidogo. Akatembea. Akapita mlango. Akaendelea kutembea. Nikaliokota gauni, nikamkimbilia, nikafungua mlango, nikajitupa ndani huku gari linakwenda, mama wa miaka hamsini na mbili, na tukapita getini.

Nje.

Sijui nianze wapi. Alipoingiza gia ya pili nilisikia mgongo wangu unabanwa kwenye kiti. Ya pili hajawahi kuitumia hata siku moja, lakini aliijua ilipo, maana jioni nilikuwa namkuta amekaa kwenye kiti chetu cha sebuleni anachezesha mkono hewani na miguu sakafuni, nami nikidhani amechoka akili. Gia ya tatu ikaingia kama kisu kwenye siagi. Upepo ukaingia. Bibi alikuwa ananukia ngozi na mafuta na kitu kingine kama sanduku la nguo za mkubwa aliyesafiri. Mume wangu alikuwa anatabasamu mpaka meno ya nyuma, meno ambayo nilikuwa nimeyasahau.

Njia ya uwanjani inapita mtaani kwetu. Sikupanga mimi, barabara ndivyo ilivyo. Kinyozi wa pale kona akatoka na mashine mkononi, mteja wake naye akatoka nyuma yake amenyolewa nusu kichwa. Muuza vocha akasimama juu ya kiti. Mama mmoja tunayegombania naye kamba ya kuanikia alikuwa na beseni la nguo mikononi, akaliweka chini taratibu bila kuondoa macho. Nikamwinulia mkono, nikampungia kwa vidole vitatu tu, kama nilivyoona wake za matajiri wanavyofanya.

"Mita Moja," nikasikia kinyozi anasema. Siyo kwa kejeli. Alisema kama mtu anayehakikisha anachokiona. Mume wangu akapiga honi mara moja, na honi ya Bibi ni ya zamani, ina kiburi, ikaitikiwa na mtaa mzima.

Kila taa za barabarani zilipogeuka nyekundu tulishika roho mkononi. Asizime, asizime. Mguu wake ukawa unatetemeka juu ya klachi, na mimi nikawa nauambia ule mguu, siyo yeye, nauambia, "Usithubutu." Tukafika uwanjani saa nne na dakika ishirini na tano. Bibi ananguruma.

Uwanja ulikuwa umejaa. Magari ya matajiri yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi yanameremeta hadi macho yanauma: ya dhahabu, ya fedha, mengine ya chini kiasi kwamba mwenye nalo anatoka kama anatambaa. Wenye nayo wamesimama kando na miwani nyeusi. Staa akatujia mbio, suti nyeupe, viatu vyeupe, akafungua mlango wa dereva.

"Vizuri, vizuri sana," akasema. "Sasa shuka, wanaita jina langu."

Mume wangu hakushuka. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Bosi, umewahi kuendesha gia ya usukani?"

"Gari ni gari. Shuka."

"Klachi yake ni ngumu, bosi. Ukiiachia ghafla atazima, na akizima sasa hivi, ana moto, hatawaka. Kaa nyuma. Mimi nitakuzungusha."

Staa akamtazama. Pale nyuma yake, mstari wa mbele kabisa, nikamwona Mzee wa Hoteli ameketi na fimbo yake katikati ya magoti, anamtazama Bibi kama mtu anayepima mahali pa kuweka kabati.

"Unanikatalia gari langu?" Staa akauliza.

Miaka kumi na minne ya "ndiyo bosi". Ajira yetu yote ilikuwa inaning'inia pale kwenye mlango ule ulio wazi.

"Ndiyo bosi," mume wangu akasema. "Nakukatalia."

Kipaza sauti kikaita jina la Staa kwa mara ya pili. Watu wakaanza kushangilia. Staa akatazama uwanja, akatazama gia kwenye shina la usukani, akaona wazi kwamba hajui hata ya kwanza iko upande gani. Akaufunga mlango. Akafungua wa nyuma, akaketi kwenye ngozi nyekundu, akarekebisha kola. "Haya," akasema, "twende. Na huyu mama?"

"Huyu ndiye fundi wa Bibi," mume wangu akasema. "Haachwi."

Tukazunguka. Taratibu, gia ya pili, kwenye njia ya wakimbiaji, watu pande zote wanapiga makofi. Staa nyuma anapunga mkono, na mimi mbele na gauni langu lenye alama za tairi mapajani, nimekaa wima kama nimezaliwa humo. Kwenye kona ya tatu Bibi akakohoa. Mara moja. Mume wangu akamwongezea mafuta kidogo sana kwa ncha ya kiatu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bado kidogo, mama," na Bibi akanyooka. Tukakaribia mstari wa kumalizia, na mguu wake ukaelekea kwenye breki kwa ule mstari mweupe, nikauona, nikamshika goti.

"Huo siyo wetu," nikamwambia.

Akacheka, akaupita, akasimama palipotakiwa bila kuzima.

Mzee wa Hoteli akaja na fimbo yake. "Kazi nzuri," akamwambia Staa. "Jumatatu nitume watu?"

Staa alikuwa bado hajashuka. Alikuwa anapapasa kiti kwa kiganja, anatazama dari, anatazama vitasa vidogo vya madirisha. "Tulisema akizima," akamjibu. "Unamsikia amezima?"

Bibi ananguruma. Mzee wa Hoteli akasikiliza, akagonga fimbo chini mara mbili, akaenda zake.

Kisha Staa akainama mbele kati yetu. "Hili gari nina miaka kumi na minne nalo," akasema polepole, "na leo ndiyo nimelipanda." Akashuka, akazunguka mpaka dirishani kwa mume wangu, akasema, "Mrudishe nyumbani. Kwa njia ndefu kama unataka." Mume wangu akasema ndiyo bosi, na safari hii nilijua ametaka kusema hivyo.

Hatukupita njia ndefu. Tulipita mtaani kwetu tena, kwa sababu binadamu ni binadamu, na mteja wa kinyozi alikuwa bado amenyolewa nusu.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika bandani. Magari ishirini na mawili yamepangwa, pua zote zimeelekea mlangoni, kila moja ndani ya gauni lake. Nafasi ya Bibi wazi. Utaratibu ni kurudi kinyumenyume ili pua itazame nje, na nilishajiandaa kumwelekeza kwa mikono. Mume wangu hakugeuza. Akaingia moja kwa moja, pua mbele, mpaka bampa ikakaribia ukuta wa nyuma, ndipo akazima.

"Umemwingiza kinyume," nikamwambia.

Akagonga kioo cha dashibodi kwa kucha. Elfu sitini, mia nne ishirini na nne.

"Nikimrudisha kinyumenyume namba itarudi," akasema. "Mita tano, sita. Leo simrudishii hata moja."

Halafu nikakunjua lile gauni jekundu lenye oili, nikatafuta upande ulioandikwa MBELE, nikaupeleka ukutani.